Mwaka Mpya wa Kichina kama nilivyouishi kijijini Shandong

Watu wengi wa kwetu wanaijua sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina kwa joka la kitambaa linalochezeshwa barabarani, fataki zinazopasuka angani na taa nyekundu zinazotundikwa madukani. Mambo hayo yapo na yanapendeza, lakini miaka niliyosoma Jinan, makao makuu ya jimbo la Shandong, ilinionyesha kwamba hayo ni ya nje. Sikukuu yenyewe hufanyika jikoni, uani na katika chumba cha wazee, na sehemu yake kubwa ni kazi: kazi ya mikono kabla ya siku kufika, na kazi ya miguu baada ya siku kupita, wakati kila mtu anapaswa kujua aende kwa nani, lini, na amebeba nini. Nayaandika haya kwa sababu niliishi ndani ya kazi hiyo nikiwa mgeni wa kike, Mwislamu, mzaliwa wa Tanga, niliyepokelewa na familia ya mwanafunzi mwenzangu katika kijiji kilicho nje ya mji wa Weifang.

Tarehe ya sikukuu hii hubadilika kila mwaka, ila haibadiliki kama Idi zetu zinavyobadilika. Kalenda ya Hijria hufuata mwezi peke yake, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote, ya joto na ya mvua. Wachina nao huhesabu miezi kwa mwandamo wa mwezi, lakini huongeza mwezi wa ziada mara 7 katika kila miaka 19, hivyo mwaka wao mpya hauvuki mipaka ya 21 Januari na 20 Februari. Kaskazini mwa China wakati huo baridi ni kali, mashamba yamelala na mkulima hana la kufanya shambani. Sikukuu imewekwa mahali ambapo watu wana nafasi ya kukaa pamoja. Mwaka wa kwanza nilioalikwa, 2018, siku yenyewe iliangukia 16 Februari. Vyuo hufunga mapema, kwa hiyo nilifika kijijini kabla watu wa mijini hawajaanza kurudi, na hilo lilikuwa bahati yangu, kwa sababu niliyaona maandalizi ambayo mgeni wa siku moja hayaoni kamwe.

Maandalizi hayo hufunguliwa rasmi tarehe 23 ya mwezi wa 12 wa kalenda yao kwa watu wa kaskazini, na tarehe 24 kwa sehemu nyingi za kusini. Siku hiyo huagwa mungu wa jikoni. Juu ya jiko la Bibi, nyanya wa rafiki yangu huyo wa chuoni, palikuwa na picha ya mungu huyo ya karatasi, iliyochapwa kwa vibao vya mbao vya kuchongwa kule Yangjiabu, kijiji cha mafundi kilicho Weifang hiyohiyo, ambako picha za mwaka mpya zimekuwa zikichapwa tangu enzi ya wafalme wa Ming, karne kadhaa zilizopita. Picha ilikuwa imekaa pale mwaka mzima, ikapigwa na moshi na mvuke hadi nyekundu yake ikageuka kahawia. Wenye imani hiyo husema kwamba usiku ule mungu huyo hupanda mbinguni kutoa taarifa ya mwenendo wa familia. Bibi aliweka mbele yake peremende nzito za kimea zinazonata, akapaka utamu kidogo kwenye mdomo wa picha, kisha akaibandua na kuichoma uani, ili atakapofika huko awe na utamu mdomoni na aseme mema.

Mimi si mfuasi wa imani hiyo, na hakuna aliyeniomba niwe. Kilichonigusa ni jambo alilolifanya Bibi kabla ya kuwasha kiberiti. Aliwaita wakamwana wake wawili, waliokuwa na manung'uniko ya muda mrefu kuhusu fedha za kumuuguza Babu, akawataka wayamalize palepale jikoni, na hakuichoma picha mpaka alipowasikia wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Nimeona mabaraza mengi ya usuluhishi nyumbani kwetu, lakini sijaona jingine lililowekewa muda wa mwisho namna ile, mbele ya shahidi ambaye kila mtu alijua anaondoka usiku huohuo.

Baada ya hapo kila siku ina kazi yake, na mpangilio wake unajulikana hata kwa watoto: siku ya kufagia nyumba nzima pamoja na utando wa buibui wa darini, siku ya kutengeneza tofu, siku ya kuchemsha nyama, siku ya kuchinja jogoo, siku ya kuumua unga, siku ya kupika mikate ya mvuke. Usafi ni lazima ukamilike kabla ya mkesha, kwa sababu siku ya kwanza ya mwaka hakuna anayeshika ufagio. Wanaamini kwamba atakayefagia siku hiyo huifagia bahati na kuitoa nje. Kisu na sindano navyo havitumiki, kwa hiyo kila kitu hukatwa na kushonwa kabla. Ukilitazama kwa macho ya mwanamke anayepika na kufua mwaka mzima, utaona kwamba katazo hili linampa mapumziko ambayo pengine asingepewa na mtu yeyote. Sijui kama ndivyo lilivyokusudiwa, lakini ndivyo lilivyofanya kazi katika nyumba ile.

Siku ya mikate ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mikate ya mvuke ya Shandong ni mikubwa, mingine hujaza viganja viwili, na ile ya sikukuu hutiwa kunazi nyekundu zilizokaushwa. Bibi alikuwa anaufinya unga kwa vidole viwili mpaka unainuka na kutengeneza kidaraja chembamba, kisha anapitisha kunazi chini yake, kidaraja baada ya kidaraja, mpaka mkate wote unavaa taji. Jiko lilikuwa la matofali, la kuchochewa kwa mabua ya mahindi, na joto lake lilipita chini ya kitanda cha matofali cha chumba cha pili, ambacho ndicho tulichokuwa tunalalia. Vyungu vya mvuke vilipokuwa motoni hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba unga haujaumuka au mikate itaharibika. Mkate uliopasuka juu haukuitwa mbovu; walisema umecheka, na ukawekwa mbele. Tulianza kazi alfajiri, wanawake wanne kwa zamu, na jioni mikate ilikuwa imejaa kwenye matenga katika ghala lisilo na moto, ambako baridi ya nje iliihifadhi kwa siku nyingi. Wanaume walileta kuni na mabua, wakachinja, wakaenda sokoni. Ila unga, toka wa kwanza hadi wa mwisho, ulikuwa mikononi mwa wanawake, na nadhani ni haki kulisema hilo wazi, kwa kuwa maelezo mengi ya sikukuu hii huishia kusifu meza bila kuwataja walioiandaa.

Mkesha ulianza kwa gundi. Mama wa rafiki yangu alichemsha unga wa ngano na maji mpaka ukawa ute mzito, na Baba akapanda ngazi kubandika mistari miwili ya shairi iliyoandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyekundu, mmoja kila upande wa lango, na maneno machache juu ya kizingiti. Kazi hiyo hufanywa kabla ya saa sita mchana, na ndani ya muda mfupi uchochoro mzima huwa mwekundu. Siku hiyo ndipo nilipoona lango moja jirani likiwa tupu. Rafiki yangu alinieleza kwamba mzee wa nyumba ile alifariki katika mwaka uliokuwa unaisha, na nyumba yenye msiba haibandiki nyekundu. Kuna sehemu hutumia karatasi ya rangi nyingine, na kuna sehemu huendelea hivyo hadi mwaka wa tatu. Wafiwa wenyewe hawazunguki kutoa salamu za mwaka mpya. Hivyo anayepita uchochoroni, hata akiwa amerudi kutoka mbali na hajaambiwa lolote, anaujua msiba kabla hajabisha hodi, na anajua apunguze sauti. Niliona kwamba huo ni ustaarabu mkubwa: furaha ya wengi imeachiwa mahali pa kumtambua aliye na huzuni, naye halazimiki kujieleza mlango hadi mlango.

Mchana ule hati ya ukoo ilitolewa sandukuni. Ni karatasi ndefu ya kuviringisha, iliyochorwa lango la jumba la wazee kwa chini, na juu yake safu za visanduku vyenye majina ya waliotangulia, kizazi juu ya kizazi, wa zamani zaidi akiwa kileleni. Ilitundikwa katika chumba kikuu kinachotazama kusini. Babu, wanawe na wajukuu wa kiume walitoka hadi ukingo wa kijiji, upande wa makaburi, kuwakaribisha wazee waje kula mwaka mpya na jamaa zao, na waliporudi fimbo iliwekwa chini, kwa kukingama, kwenye mlango wa lango, kuzuia visivyokaribishwa. Mezani palikuwa na samaki mzima, kuku, nyama, mikate iliyopangwa mitanomitano, vikombe na vijiti vya kulia, kana kwamba wageni wataketi wakati wowote.

Familia nzima ilipiga magoti na kuinamisha vipaji vya nyuso mbele ya hati hiyo. Mimi nilikuwa nimekwisha kujiuliza nitafanya nini, kwa kuwa katika imani yangu kusujudu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Bibi hakunisubiri nieleze. Aliniambia, «Mjukuu wangu, wewe una wazee wako na njia yako ya kuwakumbuka, simama hapa karibu nami,» akanishika mkono. Nilisimama pembeni nikawasomea wazee wangu wa Tanga dua kimoyomoyo. Wapo watu wetu wanaokataa mialiko ya namna hii kwa kuhofia kwamba watalazimishwa, na wapo wengine wanaoiga kila kitu kwa kuogopa kuonekana hawana adabu. Kwa niliyoyaona, mwenyeji mwenye heshima zake hatafuti hata kimoja kati ya hayo; anataka mgeni awepo, akae kwa utulivu, na asiudharau utaratibu wa nyumba.

Baadaye, watu walipotoka uani, Mama wa rafiki yangu alinionyesha jambo kwenye hati ile. Kila mwanamume ameandikwa jina lake kamili. Kando yake mkewe ameandikwa kwa jina la ukoo alikotoka tu, bila jina alilopewa na wazazi wake. Mabinti waliozaliwa katika ukoo hawamo kabisa, kwa sababu inahesabiwa kwamba wataandikwa kwa waume zao. Alisogeza kidole hadi kwenye visanduku vitupu vya chini na kusema kwamba hapo ndipo atakapokaa yeye siku moja. Hakulalamika, wala hakuniomba niseme lolote.

Suala la chakula lilinishangaza kwa namna lilivyopangwa bila kelele. Siku kadhaa kabla, Baba alikwenda hadi duka la Wahui, Waislamu wa China, lenye kibao cha kijani cha chakula halali, akanunua nyama ya kondoo, na Mama akanunua sufuria mpya, kisu kipya na ubao mpya wa kukatia, vikawekwa rafu ya peke yake. Nikajifunza pia jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Jiaozi, vile vifuko vya unga vinavyojazwa na kuchemshwa, ndicho chakula kikuu cha mkesha kwa watu wa kaskazini, na kwa kawaida hujazwa nyama ya nguruwe na kabichi. Lakini katika nyumba nyingi za Shandong jiaozi za asubuhi ya kwanza ya mwaka huwa za mboga tupu, ili mwaka uwe safi na mtulivu. Asubuhi ile, kwa hiyo, mimi na wenyeji wangu tulikula chungu kimoja.

Jiaozi hutengenezwa na watu wote wakiwa wameizunguka meza, na hapo ndipo habari za mwaka mzima husimuliwa. Unga hukatwa vipande vidogo, kila kipande husukumwa kwa kijiti kifupi huku mkono wa pili ukikizungusha, ili kingo ziwe nyembamba na katikati pabaki nene, vinginevyo kitapasuka majini. Kisha unaweka ujazo, unakunja, unabana kwa vidole gumba viwili kwa wakati mmoja. Umbo linalotakiwa ni la kibonge cha fedha cha zamani chenye ncha mbili zilizoinuka. Katika vichache hufichwa sarafu iliyooshwa vizuri, na atakayeikuta hupongezwa na meza nzima. Bibi aliweza kubana bila kutazama; macho yake yalikuwa kwenye runinga, kwenye tamasha la mkesha ambalo kituo cha taifa kimekuwa kikilirusha tangu 1983, kuanzia saa mbili usiku. Vijana waliangalia simu zao, wazee waliangalia tamasha, watoto walilala na kuamka. Saa sita usiku fataki zikalipuka kijiji kizima kwa pamoja, na chungu cha kwanza cha mwaka kikawekwa motoni.

Kabla ya chakula hicho tulikuwa tumekula karamu ya jioni, na hapo utaratibu wa kuketi ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Watu wa Shandong wanajulikana China nzima kwa uzito wanaoupa mpangilio wa meza. Mwenyeji na mgeni mkuu wana viti vyao, vya mbali na mlango, na kichwa cha samaki huelekezwa kwa anayeheshimiwa zaidi; hakuna anayegusa samaki huyo kabla ya yule aliyeelekezewa. Samaki wa mkesha hamalizwi, sehemu huachwa ivuke mwaka, ishara kwamba riziki ya nyumba haikuishia jana. Vikombe vikigonganishwa, wa mdogo hushuka chini ya wa mkubwa.

Kulipopambazuka, wajukuu waliwapigia magoti Babu na Bibi na kupokea bahasha nyekundu zenye noti mpya. Bahasha hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili, haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, na kiasi huepuka tarakimu 4, inayohusishwa na kifo. Kisha uchochoro ukajaa makundi ya watu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wakienda nyumba hadi nyumba kuwasalimu wazee kwa mpangilio wa ukoo. Desturi hii ya kupiga magoti imekwisha katika miji mingi, ila vijijini Shandong bado inaishi. Mpangilio haufuati umri bali kizazi: nilimwona mtu mzima mwenye mvi akimsalimu kijana wa shule kama baba yake mdogo, kwa sababu ndivyo alivyo katika ukoo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani sisi pia tunaishi na baba wakubwa na baba wadogo, mashangazi na wajomba, na kila mmoja ana haki yake. Wenzangu wa Ulaya chuoni waliona hesabu hizo kuwa mzigo. Mimi nilizishika kwa siku mbili, na Bibi alifurahi kuliko ambavyo angefurahi kwa zawadi yoyote niliyompelekea.

Hata hivyo, kilichonifundisha zaidi kuhusu sikukuu hii hakikuwa ibada wala chakula. Baba mdogo wa rafiki yangu na mkewe wanafanya kazi kiwandani Shenzhen, kusini kabisa, safari ya zaidi ya siku nzima kwa treni ya kawaida, na mtoto wao wa kiume alikuwa akilelewa na Bibi. Hali hiyo ni ya mamilioni ya familia za vijijini China, kwa kuwa usajili wa makazi wa mzazi hubaki kijijini na mtoto si rahisi kupata shule mjini. Serikali huutambua msimu wa safari za sikukuu kuwa wa siku 40, 15 kabla ya mwaka mpya na 25 baada yake, na katika msimu huo wazazi wa namna hii husafiri kwa namna yoyote inayopatikana, wengine wakiwa wamesimama kwenye treni, ili wawaone watoto wao mara moja kwa mwaka.

Walifika siku tatu kabla ya sikukuu, wakiwa na mabegi makubwa kuliko wao. Mtoto alijificha nyuma ya Bibi. Mama yake alimtolea viatu vyenye taa kwenye soli, na mtoto akavichukua bila kumtazama usoni aliyevitoa. Yule mama hakumvuta, hakulia mbele yetu. Alivua koti, akanawa mikono, akaingia jikoni, akaketi mahali ambapo mtoto angeweza kumwona akikanda unga. Usiku wa mkesha mtoto alikuwa ameketi karibu naye akimpa vipande vya unga, na asubuhi ya siku ya kwanza nilimsikia akimwita mama kwa mara ya kwanza, akimwomba amfunge kamba za viatu. Siku ya sita waliondoka. Bibi alijaza mabegi yaleyale mikate ya kunazi, soseji, mayai yaliyofungwa moja moja kwenye pumba za ngano, na figili za kijani ambazo Weifang inajivunia. Tangu hapo, nikisikia takwimu za safari za msimu huo zikitangazwa kama maajabu ya reli, humkumbuka mwanamke yule na unga wake, na huona kwamba takwimu hizo zingepaswa kutangazwa kwa sauti ya chini zaidi.

Mwaka 2020 sikukuu iliangukia 25 Januari, siku mbili baada ya Wuhan kufungwa kwa sababu ya ugonjwa. Vijiji viliziba barabara zake, nami nilibaki bwenini Jinan. Familia ilinipigia simu ya video na kuiweka simu mezani mahali pangu, ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli. Bibi alinitumia bahasha nyekundu kwa WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, ambayo huduma yake ya bahasha ilianza mwaka 2014 na haimruhusu mtu kutia zaidi ya yuan 200 katika bahasha moja. Alimwamuru mjukuu wake anitumie ya pili, kwa sababu jambo la heri halipaswi kuja peke yake. Hati ya ukoo ilitundikwa kama kawaida, lakini hakuna aliyezunguka uchochoroni, na Babu alisema kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuisikia asubuhi ya kwanza ikiwa kimya kiasi kile.

Kisha rafiki yangu akaolewa, na hapo nikaiona sikukuu kutoka upande mwingine. Kwa desturi, binti aliyeolewa hapaswi kulala kwa wazazi wake usiku wa mkesha. Yuko kwa mumewe. Siku ya kurudi nyumbani na mumewe, wakiwa na zawadi za jozijozi, ni ya pili katika sehemu nyingi za China. Kijijini kwao ni ya tatu, baada ya wazee waliotangulia kuagwa na hati kukunjwa. Mumewe anatoka jimbo la Hubei na ni mtoto wa pekee, mmoja wa mamilioni waliozaliwa chini ya sera ya mtoto mmoja iliyodumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi mwisho wa 2015. Asipokwenda kwao, wazazi wake wanakula mkesha wawili tu. Rafiki yangu ana mdogo wake wa kiume, kwa hiyo hoja ilikuwa nyepesi kwa wengine wote isipokuwa kwake na kwa mama yake. Aliniambia kwamba mkesha wa kwanza akiwa Hubei alipokewa vizuri, akapewa bahasha nzito ya mkamwana mpya, akacheka na kila mtu, na usiku akashindwa kulala kwa sababu alijua kiti chake kilikuwa kimeondolewa mezani kwao bila mtu yeyote kumkosea.

Familia nyingi za vijana hupishana, mwaka huu kwako na mwakani kwangu. Nyingine huwaleta wazazi mjini, na safari hizo za kinyume zimekuwa za kawaida kiasi cha kuzungumzwa kila msimu. Wao walijaribu njia hiyo: wakwe wakapanda treni kuja Jinan, mkesha ukaliwa katika nyumba yao ya ghorofani, na Mama na Baba wakaalikwa. Baba alikataa, kwa kuwa yeye ni mtoto wa kwanza na hati haihami. Wazee waliokaribishwa wakikuta nyumba imefungwa, alisema, watakwenda wapi? Nilikuwa tayari kumwona mkaidi. Lakini Mama pia alibaki, kwa hiari yake, kwa sababu Babu alikuwa hajiwezi tena, na jambo hilo halikuwa la desturi bali la mzee anayehitaji kugeuzwa kitandani usiku. Mwishowe wakwe wenyewe ndio waliopendekeza kwamba siku ya tatu wote waende Weifang, na wakaenda, pamoja na katoni mbili za maziwa, mafuta ya karanga, matunda na sigara za Baba.

Siku hiyo mdogo wake rafiki yangu, ambaye ndiye atakayeirithi hati, alitoa daftari. Koo nyingi zilizochapa upya vitabu vyao vya nasaba katika miongo ya karibuni zimeanza kuwaandika mabinti, na yeye alitaka kukusanya majina ya wanawake wote wa ukoo wao kabla wazee wanaoyakumbuka hawajaondoka. Mama alimpa jina lake kamili, akamsahihisha mwandiko, kisha akamtajia la mama yake. Bibi alikuwa na ya dada zake wote. Mwaka wa kuzaliwa wa mmoja wao haukujulikana, ila Bibi alikuwa na uhakika kwamba dada huyo alikuwa wa mwaka wa Sungura, mmoja wa miaka kumi na miwili ya wanyama inayojirudia katika kalenda yao, na kwamba alimpita yeye kwa miaka michache tu, hivyo kijana akahesabu kwa vidole kurudi nyuma kwa miaka kumi na miwili kila mara, akaandika 1939.